Tarehe 16 Juni: Mueda, Soweto na Lhubiriha



Bila shaka umewahi kukutana na zile orodha zinazoitwa "Siku kama ya leo". Husomwa redioni asubuhi, au hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule: mwaka fulani mfalme fulani alitawazwa, mwaka mwingine meli ilizama, mwaka mwingine tena taifa likapata uhuru. Ni orodha tamu, na mwanafunzi wa Kiswahili hufaidi humo mazoezi mazuri ya tarehe, nambari na nyakati za kitenzi. Kasoro yake ni kwamba hutuwekea mambo pamoja bila kutuambia kama yanahusiana. Katika makala haya nimeichukua tarehe moja tu, 16 Juni, ili tuisome taratibu, tukiwa tumesimama Bwera, wilayani Kasese, mahali ambapo tarehe hiyo sasa ina uzito ambao haikuwa nao kabla ya mwaka 2023.

Kabla ya kufika huko, tutenganishe tarehe za namna mbili. Kuna tarehe iliyochaguliwa na tarehe iliyoangukia. Wilaya ya Kasese inatupa mfano wa kila moja, wala hatuhitaji kuutafuta mbali.

Tarehe 19 Oktoba 2009 Charles Wesley Mumbere alisimama mbele ya watu wake kama Omusinga wa ufalme wa Rwenzururu. Tarehe hiyo haikuokotwa. Ilikuwa ni 19 Oktoba 1966 ambapo Mumbere, akiwa mvulana wa miaka 13, alirithi kiti cha marehemu baba yake, Isaya Mukirania, ufalme wenyewe ukiwa bado unapigana milimani. Waliopanga sherehe ya 2009 walitaka miaka yote 43 iliyopita katikati ihesabiwe kuwa ni ya utawala, na kalenda ikawasaidia kulisema hilo bila hotuba. Hiyo ndiyo tarehe iliyochaguliwa.

Chukua sasa 30 Juni. Tarehe 30 Juni 1962, miezi mitatu na siku chache kabla ya uhuru wa Uganda, vuguvugu la Rwenzururu lilitangaza kwamba Bakonzo na Baamba wanajitenga na ufalme wa Toro. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka, Kongo ilikuwa inatimiza miaka miwili tangu uhuru wake wa 30 Juni 1960. Kwa watu wenye mashangazi na wajomba pande zote mbili za mto, siku hizo mbili ziko karibu sana. Lakini ukiziweka kwenye orodha bila maelezo, msomaji ataruka haraka kwenye neno "kwa sababu", na neno hilo halipatikani bure. Madai ya Bakonzo na Baamba yalikuwa na mizizi yake ndani ya Toro: ardhi, kodi, shule, lugha, na heshima ambayo hawakuipata. Yangekuwapo hata kama Wabelgiji wangeondoka Kongo mwezi wa Machi.

Tarehe 16 Juni ni ya namna zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana inanisumbua.

Ukitoka Kasese mjini kuelekea kusini, unafika Kikorongo, unakunja kulia, na barabara inakupeleka magharibi hadi Bwera na kituo cha forodha cha Mpondwe. Mbele yako ni mto Lhubiriha unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori, na ng'ambo yake ni Kasindi, Kongo. Upande huu watu hujiita Bakonzo, upande ule Banande. Lugha zao zinasikilizana kiasi kwamba mama wa Mpondwe na mama wa Kasindi hawahitaji mkalimani. Na wanapofika wafanyabiashara wa mbali, kutoka Beni, Butembo, Kampala au Mombasa, lugha inayowaunganisha sokoni ni Kiswahili. Siyo kile cha vitabuni, nakuonya mapema: utasikia Kiswahili cha Kongo kimechanganywa na cha Uganda, na sarufi uliyoikariri darasani itapata mtikisiko. Kisikilize hata hivyo. Ni Kiswahili kinachofanya kazi tangu alfajiri.

Karibu na mpaka huo, katika mji wa Mpondwe-Lhubiriha, ipo Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, shule binafsi iliyochukua jina la mto. Usiku wa Ijumaa, 16 Juni 2023, ikiwa imekaribia saa sita, watu wenye silaha waliivamia. Wavulana walijifungia ndani ya bweni lao. Wavamizi walilitia moto. Wasichana waliotoka mbio walikatwa kwa mapanga. Stoo ya chakula iliporwa, na wanafunzi kadhaa walichukuliwa mateka, wakaongozwa kuelekea Kongo, upande wa misitu ya hifadhi ya Virunga. Waliouawa walikuwa zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na pamoja nao mlinzi wa shule na wakazi wa jirani. Miili ilipelekwa hospitali ya Bwera. Baadhi iliungua kiasi kwamba haikuweza kutambuliwa kwa macho, ikalazimu vipimo vya vinasaba, na wazazi wakasubiri kuambiwa na maabara ni yupi aliye wao.

Serikali ya Uganda ililitaja kundi la ADF kuwa ndilo lililofanya mauaji hayo. Sitataja hapa majina ya watoto. Ni mali ya familia zao.

Sasa rudi kwenye ile tarehe. Asubuhi ya siku hiyohiyo, Uganda, kama nchi nyingine za bara hili, ilikuwa inaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ndio ulioianzisha, na imekuwa ikiadhimishwa kila 16 Juni tangu mwaka 1991. Kila mwaka siku hiyo hupewa kaulimbiu. Ya mwaka 2023 ilihusu haki za mtoto katika mazingira ya kidijitali: intaneti, simu, usalama wa mtoto mtandaoni. Sisemi kaulimbiu hiyo ilikuwa mbaya. Mambo hayo yapo na yanawadhuru watoto. Lakini ilipofika usiku, katika shule moja ya mpakani, haki iliyokuwa inahitajika ilikuwa ya kale zaidi kuliko intaneti: mtoto alale shuleni na aamke.

Kwa nini 16 Juni? Hapa inabidi tusafiri mbali na Bwera, hadi Soweto, karibu na Johannesburg, mwaka 1976.

Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ilikuwa imeagiza, tangu mwaka 1974, kwamba katika shule za sekondari za Waafrika nusu ya masomo yafundishwe kwa Kiingereza na nusu kwa Kiafrikana. Hisabati na maarifa ya jamii yalikuwa miongoni mwa yaliyopangiwa Kiafrikana. Walimu wengi hawakuimudu lugha hiyo vya kutosha kufundishia, na wanafunzi waliijua zaidi kama lugha ya polisi, ya karani wa vibali na ya bosi. Mwezi Mei 1976 wanafunzi wa Orlando West waligoma kuingia madarasani. Tarehe 16 Juni, Jumatano, maelfu ya wanafunzi kutoka shule mbalimbali, miongoni mwao wale wa Morris Isaacson walioongozwa na Tsietsi Mashinini, walitoka kwa maandamano wakielekea uwanja wa Orlando. Walivaa sare zao. Walibeba mabango. Polisi waliwazuia njiani, wakatumia mabomu ya machozi na mbwa, kisha risasi.

Miongoni mwa waliouawa alikuwa Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12. Mpigapicha Sam Nzima alimpiga picha akiwa amebebwa mikononi na kijana mwenzake, Mbuyisa Makhubo, huku dada yake Antoinette akikimbia kando, kiganja kimeinuliwa. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Machafuko yalienea nchini kote, na katika miezi iliyofuata mamia ya watu waliuawa. Leo 16 Juni ni sikukuu ya taifa nchini Afrika Kusini, Siku ya Vijana, na huko Orlando West lipo jumba la makumbusho lenye jina la Hector Pieterson, lililofunguliwa mwaka 2002.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu nawaandikia watu wanaojifunza lugha. Baadhi yenu mtasema: Soweto walikufa kwa kukataa lugha, nasi huku Uganda tunaambiwa tujifunze Kiswahili, je, tofauti iko wapi? Swali ni halali kabisa, na historia ya Uganda inalipa nguvu. Idi Amin alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na kwa watu wengi wa kizazi hicho Kiswahili kilikuwa ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lazima ni lazima, hata ikiwa na nia njema. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: agizo la 1974 halikuwa la kumfundisha mtoto lugha nyingine, lilikuwa la kumfundisha hesabu kwa lugha asiyoijua, akiwa hana kura, wala mbunge, wala mahakama ya kukimbilia. Wanafunzi wa Soweto walibeba mabango kwa sababu njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa. Wewe ukiona somo la Kiswahili linafundishwa vibaya, au bila vitabu, au na mwalimu asiyelijua, sema. Kulisema hilo si kuichukia lugha.

Soweto haikuwa ya kwanza kuitia damu 16 Juni. Miaka 16 kabla yake, siku kama hiyo, palitokea mauaji ambayo hayatajwi sana katika orodha zetu, ingawa yalitokea karibu zaidi na Waswahili. Mahali penyewe ni Mueda, katika nyanda za juu za Wamakonde, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

Wamakonde wengi walikuwa wakivuka mto Ruvuma kwenda Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, ambako ujira ulikuwa bora na mkono wa bwana shamba ulikuwa mwepesi kuliko chini ya Wareno. Huko walijifunza Kiswahili, walisikia habari za TANU, na waliona nchi inayojongea kwenye uhuru wake. Mwaka 1960 wawakilishi wao walirudi kuzungumza na utawala wa Kireno. Tarehe 16 Juni umati mkubwa ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala ya Mueda kusikia gavana wa jimbo atajibu nini. Jibu halikuwa la kuridhisha. Viongozi wa ujumbe, Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, walikamatwa. Watu wakapandwa na hasira, na askari wakafyatua risasi. Frelimo, iliyozaliwa miaka miwili baadaye, ilisema waliouawa walikuwa zaidi ya 500. Nyaraka za Wareno zinataja idadi ndogo mno. Ugomvi huo wa hesabu haujaisha, na usidhani ni wa wanahistoria peke yao: anayeshusha idadi na anayeipandisha wote wawili wanajua kwamba wafu huhesabiwa na walio hai, kwa shughuli za walio hai. Tarehe 16 Juni 1980, Msumbiji ikiwa huru kwa karibu miaka mitano, serikali ilizindua sarafu ya nchi, metikali, siku ambayo Mueda ilitimiza miaka 20. Hiyo nayo ni tarehe iliyochaguliwa.

Basi tunayo matukio matatu chini ya nambari moja: Mueda 1960, Soweto 1976, Lhubiriha 2023. Orodha ya redioni ingeishia hapa, na msomaji wake angeguna, angetikisa kichwa, kisha angesikiliza matangazo ya biashara. Sisi tuulize swali moja zaidi. Je, matukio haya ni ndugu?

Mueda na Soweto ni ndugu, tena wa toka nitoke. Katika kila moja watu waliotawaliwa bila ridhaa walikuja mchana, hadharani, na neno la kusema. Katika kila moja serikali iliyopaswa kujibu neno ilijibu kwa bunduki. Na katika kila moja waliobaki walihitimisha kwamba maneno hayatoshi. Alberto Chipande, ambaye ushuhuda wake kuhusu Mueda ulisambaa sana, ndiye anayetajwa kuwa alifyatua risasi ya kwanza ya vita vya ukombozi huko Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Baada ya Juni 1976 vijana wengi wa Soweto walivuka mipaka kwenda kujiunga na jeshi la ANC uhamishoni. Tarehe yao ni moja kwa bahati, lakini hata kama Soweto ingetokea mwezi Oktoba undugu wao ungebaki palepale.

Lhubiriha si ndugu yao. Watoto wa Lhubiriha hawakuwa wameandamana. Hawakuwa wamedai kitu. Walikuwa wamelala. Waliowaua hawakuwa serikali iliyokataa kusikiliza. Walikuwa kundi la wapiganaji lililoanza kupigana na serikali ya Uganda katika miaka ya 1990, likajichimbia mashariki mwa Kongo, likawaua wanakijiji wa Beni kwa mamia tangu mwaka 2014, na baadaye likajitangaza kuwa tawi la kundi la Dola la Kiislamu. Ukimwambia mzazi wa Mpondwe kwamba mwanawe ni "shujaa wa 16 Juni kama wa Soweto", utakuwa umempa maneno ya heshima yasiyokuwa ya kwake. Shujaa ni mtu aliyechagua jambo.

Ndugu wa kweli wa usiku ule wamo katika tarehe nyingine, na hapo ndipo kalenda inapotuficha. Tarehe 13 Novemba 1996 wapiganaji wa ADF waliingia kwa mara ya kwanza kwa shambulio kubwa, na walipitia papa hapa, Mpondwe na Bwera. Tarehe 8 Juni 1998 walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, katika wilaya jirani ya Kabarole, wakawachoma wanafunzi wapatao 80 ndani ya mabweni yaliyofungwa, na kuwateka wengine zaidi ya 100. Isome tena sentensi hiyo. Bweni, mlango uliofungwa, moto, mateka: miaka 25 na siku 8 kabla ya Lhubiriha, katika milima ileile, kundi lilelile. Kwa kuwa ilikuwa tarehe 8 na si 16, hakuna orodha ya "siku kama ya leo" itakayokuwekea Kichwamba kando ya Lhubiriha. Na tarehe 15 Januari 2023, miezi mitano kabla ya shambulio la shule, bomu lililipuliwa kanisani Kasindi, ng'ambo tu ya mto, likawaua waumini waliokuwa ibadani. Anayetaka kujua kwa nini Lhubiriha, aanzie kwenye tarehe hizi. Aulize ulinzi wa shule za mpakani ulikuwaje baada ya Kichwamba, na baada ya Kasindi. Aulize majeshi mawili yaliyoshirikiana ndani ya Kongo tangu Novemba 2021, katika operesheni iliyopewa jina la Kiswahili la Shujaa, yaliiachaje nyuma yao shule iliyo karibu hivyo na mpaka. Hayo ni maswali ya raia, na yana watu wa kuyajibu.

Ikiwa hivyo, kwa nini nisiiache 16 Juni ijipitie? Kwa sababu ya ile ahadi. Mwezi Julai 1990, mjini Addis Ababa, viongozi wa Afrika walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Ibara ya 11 inazungumzia elimu. Ibara ya 22 inazungumzia vita, na kuzitaka nchi zimlinde mtoto aliye katika maeneo ya mapigano. Uganda iliuridhia mkataba huo mwaka 1994, miaka minne kabla ya Kichwamba. Siku ya Mtoto wa Afrika ni siku ya kuikumbusha serikali ahadi hiyo, siyo siku ya fulana na keki. Kwa hiyo 16 Juni na Lhubiriha vinakutana mahali pamoja tu: kwenye deni. Siku iliyochaguliwa kwa ajili ya watoto ndiyo siku ambayo watoto wa Mpondwe hawakulindwa. Wavamizi hawakuhitaji kuijua kalenda yetu ili jambo hili liwe kweli.

Na sasa maneno, maana ninyi ni wanafunzi wa lugha, nami ni mwalimu wake.

Neno la kwanza ni "kusherehekea". Nimeliona kwenye mabango mengi: "Tunasherehekea Siku ya Mtoto wa Afrika". Sherehe ina ngoma, ina chakula, ina vigelegele. Twasherehekea ndoa, mavuno na matokeo mazuri ya mtihani. Siku iliyotokana na kifo cha mtoto wa miaka 12 haisherehekewi. "Kuadhimisha" ni neno pana na la heshima: ni kukipa kitu ukubwa unaokistahili, kiwe cha furaha au cha msiba. "Kumbukizi" ni finyu zaidi na lina huzuni ndani yake; latumika zaidi kwa waliotutoka. Katika wilaya ya Kasese, bango la 16 Juni lenye neno "tunasherehekea" ni kosa la msamiati linaloumiza watu walio hai. Ukiliona shuleni kwako, omba kwa adabu libadilishwe.

Neno la pili ni gumu zaidi, nalo ni kitenzi cha kifo. Kiswahili kina adabu nyingi mbele ya mauti. Husema amefariki, ametutoka, ameaga dunia, na kwa viongozi wa zamani hata "ametangulia mbele ya haki". Adabu hiyo ni nzuri matangani. Lakini soma taarifa yoyote ya habari kuhusu mkasa wa namna hii, utakuta "watu kadhaa walipoteza maisha katika tukio hilo". Walipoteza, kama mtu apotezavyo funguo. Hakuna aliyewaua, ni "tukio" tu lililopita. Kitenzi tunachokihitaji ni "kuua", na kauli yake ya kutendwa ni "kuuawa". Iandike vizuri, kwa u mbili: waliuawa, siyo "waliuwawa". Na baada ya "kuuawa" Kiswahili kinakuruhusu, hata kinakushawishi, kuongeza kiungo kidogo sana: "na". Waliuawa na nani? Herufi mbili, lakini ndizo herufi ambazo serikali ya Lisbon haikutaka kuziona baada ya Mueda, wala ile ya Pretoria baada ya Soweto.

Neno la tatu ni "vurugu", au "machafuko". Nimelitumia mwenyewe hapo juu kwa miezi iliyofuata Soweto, na nililitumia kwa kusudi, kwa kuwa mambo yalikuwa mengi na wahusika wengi. Lakini kwa asubuhi ya 16 Juni 1976 halifai hata kidogo. Asubuhi hiyo hapakuwa na vurugu mpaka polisi walipoileta.

Mwaka 2026 tarehe 16 Juni inaangukia Jumanne, siku ya masomo. Soweto inatimiza miaka 50, Mueda 66, Lhubiriha mitatu. Hotuba nyingi za bara hili siku hiyo zitakuwa za Soweto, kwa haki kabisa. Wewe mwanafunzi wa Kasese, Bwera au kokote unakosoma makala haya, fanya zoezi hili kabla ya hotuba. Andika sentensi tatu, moja kwa kila mahali. Kila sentensi iwe na kitenzi "kuuawa", iwe na "na" pamoja na jina la aliyetenda, na iwe na neno moja linaloeleza waliouawa walikuwa wanafanya nini wakati huo. Ya Mueda na ya Soweto utaziandika haraka. Ya tatu itakuchukua muda, hasa kwenye lile neno la mwisho. Ukishaimaliza, mtafute mtu mzima aliyekuwa Bwera ile Jumamosi ya 17 Juni 2023, miili ilipokuwa inafika hospitali, na ikiwa atapenda kusikia, msomee. Akikusahihisha, chukua kalamu.